Kilo zilizopotea umeme ulipokatika: kutafuta tatizo katika programu za mizani ya ghalani

Mkulima ameshusha magunia, karani kapima, risiti imechapwa, mkulima kaondoka zake. Umeme unakatika. Ukirudi, programu inafunguka bila kelele, ila magunia ya saa mbili zilizopita hayamo. Karatasi anayo mkulima, korosho ziko ghalani, rekodi haipo popote. Na kwa kuwa kwenye stakabadhi ghalani mkulima hulipwa baada ya mnada, si pale mizanini, kosa hili linaweza kulala wiki kadhaa hadi siku ya malipo, watu wamejaa mlangoni mwa chama cha ushirika na jina halionekani kwenye orodha.

Programu nyingi ndogo zinazotumika kwenye kazi ya aina hii, iwe ni korosho za Tandahimba na Newala kuanzia Oktoba au ufuta wa Lindi katikati ya mwaka, hutengenezwa na fundi mmoja kwa Excel yenye VBA (lugha ya programu iliyo ndani ya Excel), kwa lugha ya Python, au kwa lugha nyingine iliyokuwepo mkononi. Hitilafu zake zinaonekana za aina nyingi, lakini mzizi mara nyingi ni mmoja: kitu kilichopaswa kuwa diskini kimewekwa kwenye safu, au kilichopaswa kuwa kwenye safu kinasomwa diskini kila mara.

Safu, ambayo mafundi wengi huiita arei, ni orodha iliyopangwa ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kila kitu kikiwa na namba ya nafasi yake. Kukifikia kitu RAM huchukua kama nanosekunde 100. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, huchukua mara elfu moja hivi zaidi. Diski ya sahani ya kompyuta mpakato, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, hutumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja tu, kabla hujahesabu muda wa kichwa kusogea. Ndiyo maana safu inavutia. Lakini RAM haikumbuki chochote umeme ukiondoka.

Kabla ya kugusa msimbo, jiulize swali moja kwa kila kitu programu inachokishika: nikikipoteza hiki, naweza kukihesabu upya kutoka kwenye rekodi nyingine, au itabidi nimwite mkulima arudi na gunia lake? Jumla ya siku, orodha iliyopangwa kwa majina, ripoti ya madaraja: hivyo vyote vinahesabika upya, vikae kwenye safu bila wasiwasi. Uzito wa gunia uliosomwa mizanini hauhesabiki upya. Huo uwe diskini kabla printa haijaanza kulia. Karatasi isitangulie diski.

Rekodi zimepotea baada ya umeme kukatika

Usianze kwa kulaumu kompyuta. Chukua vitabu vya risiti, hesabu ni rekodi ngapi zilizopotea, kwa sababu idadi yenyewe inakuonyesha zilipotelea wapi.

Zimepotea zote tangu asubuhi: programu inakusanya kila kitu kwenye safu na kuandika faili pale tu karani anapobonyeza "Funga". Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayopatikana zaidi kwenye programu za Excel, kwa sababu kitabu cha Excel chenyewe kinaishi RAM hadi kihifadhiwe. Kuhifadhi kunakojiendesha kila dakika 10 si tiba. Dakika 10 za foleni nzuri ni magunia mengi.

Zimepotea makumi kadhaa au zaidi ya mia, na zilizobaki zinaishia katikati ya mstari: programu inaandika kwenye faili, lakini maandishi yanasubiri kwenye bafa ya programu, yaani sehemu ya RAM ya kukusanyia data kabla ya kuitoa. Bafa ya Python kwa miaka mingi imekuwa baiti 8,192. Ikiwa mstari mmoja wa mapokezi ni baiti 70, zaidi ya rekodi 100 zinaweza kuwa zinasubiri foleni ndani ya RAM huku skrini ikisema "Imehifadhiwa".

Zimepotea za sekunde chache au nusu dakika ya mwisho tu: programu ilimwaga bafa yake, lakini mfumo endeshi ulikuwa bado haujazipeleka diskini. Linux kwa kawaida inaweza kuiacha data ikae kwa sekunde 30 hivi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaona `flush()` ipo kwenye msimbo na wanaamini kazi imekwisha. `flush()` huitoa data kwenye programu na kuikabidhi kwa mfumo endeshi. Anayeilazimisha ifike diskini ni `os.fsync()`.

Tiba ya hali zote tatu ni hifadhidata ndogo yenye miamala: kila muamala huingia diskini wote au hauingii kabisa. SQLite inatosha kabisa kwa mizani moja, haihitaji seva, na ni faili moja:

```
con = sqlite3.connect("ghala.db", isolation_level=None)
con.execute("BEGIN IMMEDIATE")
con.execute("INSERT INTO risiti VALUES (?,?,?)", risiti)
con.executemany("INSERT INTO gunia VALUES (?,?,?)", magunia)
con.execute("COMMIT")
chapa_risiti(namba)
```

Tazama mstari wa mwisho ulipo. `chapa_risiti` iko chini ya `COMMIT`, si juu yake. Ukivigeuza hivi viwili, programu itafanya kazi vizuri miezi mitatu mizima na itakuumbua siku moja.

Magunia ya mkulima anayeendelea kupimwa yanaweza kukaa kwenye safu hadi gunia lake la mwisho? Yanaweza, ikiwa mkulima bado amesimama pale na magunia hayajachanganywa na ya wengine, maana ukipoteza utapima tena. Ila kama vijana wanabeba gunia moja kwa moja kutoka mizanini kwenda kulipanga, andika diskini kila gunia linaposomwa, kisha risiti ije kufunga hesabu. Hapa kinachoamua ni mpangilio wa ghala.

Faili lipo, lakini ni tupu au limekatika katikati

Programu inafungua faili la zamani kwa hali ya kuandika, jambo linalolifuta papo hapo, kisha inaanza kumwaga safu yote upya. Umeme ukikatika hapo katikati unabaki na nusu ya mpya na hakuna ya zamani. Kadiri msimu unavyokua ndivyo dirisha hili la hatari linavyopanuka, kwa sababu faili ni kubwa zaidi. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwahi kuona daftari linalojifuta lenyewe kila jioni.

Andika kwenye faili la muda, lilazimishe lifike diskini, ndipo ulibadilishe jina:

```
with open("jumla.tmp", "w") as f:
    f.write(maandishi)
    f.flush()
    os.fsync(f.fileno())
os.replace("jumla.tmp", "jumla.csv")
```

Mafaili yote mawili yawe kwenye diski ileile na sehemu ileile. Faili la muda likiwa kwenye flashi na la kudumu likiwa kwenye diski ya ndani, `os.replace` itakataa.

Kwa SQLite kuna mtego mwingine. Ukitumia hali ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, pembeni ya `ghala.db` hutokea faili la `ghala.db-wal`, na rekodi za karibuni zinaweza kuwa humo. Karani anayenakili `ghala.db` peke yake kwenye flashi huku programu imefunguliwa anaondoka na nakala pungufu, na hatajua. Nakala ifanywe na programu yenyewe kwa amri ya `VACUUM INTO 'nakala.db'`, kisha flashi iondolewe kwa utaratibu, si kung'olewa.

Kuhifadhi kunachukua muda mrefu

Hii ni dalili ya upande wa pili, na tiba yake mbaya ndiyo inayoturudisha kwenye kilo zilizopotea. Fundi anaona kila rekodi inasita, anaamua "tuweke kwenye safu, tuandike jioni". Au anaweka `PRAGMA synchronous=OFF`, programu inakimbia, na ulinzi dhidi ya umeme kukatika unakuwa umezimwa.

Chanzo ni kwamba kila `INSERT` (amri ya kuingiza rekodi) iliyo peke yake ni muamala kamili, na kila muamala husubiri diski ithibitishe. Kwenye diski ya sahani hii ni makumi ya miamala kwa sekunde, si maelfu. Kwa kupima magunia hakuna shida: hakuna mtu anayepandisha magunia 40 mizanini kwa sekunde. Shida inakuja unapoingiza daftari la wakulima kutoka CSV (faili la maandishi, safuwima zikitenganishwa kwa koma). Wakulima 12,000 kwa kasi ya 40 kwa sekunde ni dakika 5. Weka `BEGIN` moja mwanzoni na `COMMIT` moja mwishoni, kazi ileile inakwisha ndani ya sekunde chache, kwa sababu diski inathibitisha mara moja tu.

Kwa hiyo kanuni ya kugawa muamala ni tukio, si mstari. Risiti moja na magunia yake yote ni muamala mmoja. Daftari zima la CSV ni muamala mmoja. Siku nzima ya mapokezi kuwa muamala mmoja, hapana.

Oktoba ilikuwa nyepesi, Desemba inatambaa

Programu haikubadilika, data imekua. Mara nyingi utakuta moja ya mambo haya.

Kitanzi ndani ya kitanzi. Kwa kila mkulima kati ya 900, programu inapitia mapokezi yote 30,000 ikitafuta yake: ulinganisho milioni 27 kwa ripoti moja. Kuwa kwenye RAM hakukuokoi. Pitia mapokezi mara moja tu, ukijumlisha kwenye kamusi (orodha inayotafutwa kwa ufunguo, si kwa nafasi) yenye ufunguo wa namba ya mkulima; milioni 27 zinakuwa elfu 30.

Safu inayokuzwa nafasi moja moja. `ReDim Preserve` ya VBA hunakili safu yote kila inapoitwa. Ukiikuza kwa 1 hadi ufike 20,000, umenakili vitu milioni 200 hivi. Ukiikuza kwa 1,000 kila inapojaa, ni 190,000 tu. Kumbuka pia kwamba `Preserve` hukubali kukuza mwelekeo wa mwisho pekee, kwa hiyo panga rekodi ziende upande huo.

Excel inayosomwa kiseli kwa kiseli. Hapa safu ndiyo dawa: soma eneo lote kwa mkupuo, `v = eneo.Value`, fanya hesabu kwenye `v`, kisha rudisha matokeo kwa mkupuo. Tofauti yake inaonekana kwa macho. Safu inayotoka hapo huanza na 1, si 0, na ina pande mbili hata kama eneo ni safuwima moja. Na kama eneo lina kiseli kimoja tu, hupati safu kabisa, unapata thamani moja peke yake. Ndiyo maana kuna programu zinazokufa siku ya kwanza ya msimu, rekodi ikiwa moja, kwa kosa namba 13, kisha kuanzia rekodi ya pili zinafanya kazi hata mwaka mzima.

Hifadhidata isiyo na faharasa, yaani orodha ya pembeni inayoonyesha kila thamani iko wapi. Iulize SQLite yenyewe:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT SUM(gramu) FROM gunia WHERE mkulima = '00417';
```

Ikijibu `SCAN`, inapitia jedwali zima. Tengeneza faharasa, `CREATE INDEX fx_mkulima ON gunia(mkulima);`, uliza tena, na jibu liwe `SEARCH`. Likiwa `SEARCH` lakini jumla inarudi tupu, angalia sifuri za mbele. Safuwima ya aina ya `INTEGER` huhifadhi '00417' kama 417, na kamusi ya Python huwaona "00417", "417" na 417 kama watu watatu tofauti. Namba ya mkulima ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Iwe maandishi kila mahali, kwenye safu na diskini.

Kosa namba 9, 6 na 7 za VBA

Namba 9: umegonga nafasi isiyokuwepo kwenye safu. Fundi aliandika `Dim wakulima(500)`, chama kina wanachama 620. Usiongeze hadi 1,000 ukaondoka; soma idadi kutoka diskini kwanza, ndipo uipime safu.

Namba 6: jumla imezidi uwezo wa aina ya namba. `Integer` ya VBA inaishia 32,767. Ukijumlisha kilo, hiyo ni tani 32 na ushee, mzigo wa lori moja kubwa. Lori la kwanza linapita salama, la pili linaangusha programu. Tumia `Long`, inayofika 2,147,483,647. Kwa kilo inatosha. Kwa shilingi haitoshi: ukichukua bei ya mfano ya 3,000 kwa kilo, tani 716 zinaivuka. Pesa zitunzwe kwa `Currency`, na kamwe zisiwe `Single`. Kwenye SQLite, hifadhi uzito kwa gramu na pesa kwa senti, zote namba kamili, ili jumla ya safu na jumla ya diski zisije zikatofautiana kwa senti ambazo hakuna anayeweza kuzieleza mbele ya mkutano wa wanachama.

Namba 7: kumbukumbu imejaa. Soma sehemu inayofuata.

Mashine nzima inaganda, taa ya diski haizimi

RAM imejaa na mfumo endeshi unahamishia kurasa za kumbukumbu diskini. Hapo safu yako, uliyoiweka RAM ili iwe na kasi, inasomwa kwa kasi ya diski. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone nani anakula kumbukumbu.

Lakini piga hesabu kabla ya kuilaumu idadi ya rekodi. Rekodi moja yenye vipengele 12, ikiwa kamusi ya Python, inakaribia kilobaiti 1.2. Rekodi 48,000 ni megabaiti 58. Hata mashine ya gigabaiti 4 haitishwi na hilo. Kwa chama kimoja cha msingi, ukubwa wa data mara nyingi husingiziwa. Sababu ya kwenda diskini ni usalama.

Kinachojaza RAM kwa kweli ni picha. Picha 900 za vitambulisho, megabaiti 2 kila moja, zikipakiwa kwenye safu "ili zionekane haraka", ni gigabaiti 1.8, na Excel ya biti 32 imekwisha hapo hapo. Weka picha kwenye folda, kwenye safu weka njia ya faili tu. Kingine ni safu inayonakiliwa kila inapopitishwa kwenye kazi (function) nyingine ya msimbo, na kivinjari chenye kurasa thelathini ambacho karani hakukifunga.

Makato yamebadilishwa, risiti inatoka na ya zamani

Jedwali la makato na madaraja linafaa kukaa kwenye safu: ni dogo, linasomwa kila risiti, linabadilika kwa nadra. Tatizo ni kwamba lilipakiwa programu ilipofunguliwa, na programu haijafungwa tangu Jumatatu. Weka diskini jedwali la mstari mmoja lenye namba ya toleo. Kila risiti inapoanza, soma namba hiyo, na ikiwa si ile iliyo kwenye safu, pakia upya. Hata kwa diski ya sahani, hakuna atakayeuhisi muda huo.

Mashine mbili, jumla mbili

Kila mashine ilipakia faili asubuhi kwenye safu yake, kila moja inaandika faili zima jioni. Anayefunga wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Na kama namba ya risiti inatoka kwenye urefu wa safu, kuna wakulima wawili wenye risiti namba 318.

Usiandike faili zima. Andika rekodi mpya tu. Ufunguo uwe wa sehemu mbili, herufi ya mashine na namba, A-318 na B-318, na weka `UNIQUE` ili hifadhidata yenyewe ikatae marudio. Usiweke faili la SQLite kwenye folda ya pamoja ili mashine zote ziandike humo: ufungaji wa mafaili kwenye mtandao hauaminiki, na WAL haifanyi kazi kati ya mashine tofauti. Kama mashine zimeunganishwa, weka hifadhidata ya seva, PostgreSQL au MariaDB, kwenye moja yake. Kama hazijaunganishwa, kila moja ibaki na faili lake na mziunganishe jioni kwa ufunguo ule wa sehemu mbili.

Jaribio la Septemba

Tumia mashine ileile itakayokuwa ghalani, diski ileile. Kama ni kompyuta mpakato na betri inatoka, itoe. Ingiza risiti 50 za kubuni, ukiandika kila namba kwenye karatasi inapotoka printani. Katikati ya risiti ya 51, chomoa waya ukutani. Washa, fungua programu, linganisha. Kila namba iliyo kwenye karatasi iwemo diskini. Ya 51 iwemo nzima au isiwemo kabisa. Rudia mara 10, ukichomoa nyakati tofauti: wakati wa kupima, wakati wa kuchapa, wakati wa kutoa nakala. Ikikosekana hata moja, rudi ukahesabu ni ngapi zilizopotea.